Mfupa Ulioanguka Kutoka Juu

Mtu wa kumi na moja kwenye foleni siku hiyo alikuwa mvunja mawe, na fomu yake ilisema kwa ufupi: maumivu ya bega, ameangukiwa na jiwe. Bi Eksirei, kama hospitali nzima ilivyozoea kumwita, aliisoma, akamkalisha mgonjwa kwenye stuli mbele ya mashine, akamwinua kidevu kwa vidole viwili.

"Jiwe lilikuwa kubwa kiasi gani?"

"Halikuwa jiwe," alisema yule bwana. "Nilimwambia daktari ni mfupa. Akacheka, akaandika jiwe."

Bi Eksirei alirudi nyuma ya kioo, akamwambia abane pumzi, akapiga picha. Mtulinga wa kushoto, ule mfupa wa kati ya bega na shingo, ulikuwa na ufa mwembamba kama unywele. Kwa miaka thelathini na miwili, katika chumba kile kisicho na dirisha, alikuwa ameona mifupa iliyovunjwa na pikipiki, na ngazi, na mipira, na waume. Mfupa uliovunjwa na mfupa hakuwahi kuuona. Naye alikuwa mtu ambaye akisikia jambo asilolijua, hata chakula hakipiti.

"Ulitoka wapi huo mfupa?"

"Juu."

"Juu wapi?"

"Angani. Ndege aliuangusha." Akaingiza mkono wa kulia mfukoni, akatoa kipande cha muundi wa mbuzi kilichopasuka kwa urefu kama kuni. "Nimekuja nacho makusudi, daktari. Nilijua hamtaniamini."

"Mimi si daktari," alisema Bi Eksirei, lakini tayari alikuwa amekipokea na kukigeuza kwenye mwanga. Watu wanne walikuwa wakisubiri nje ya mlango. Waliendelea kusubiri.

Mvunja mawe alieleza. Kule milimani, mwendo wa saa mbili kwa lori, yeye na wenzake sita walikuwa wakivunja kokoto kwa nyundo. Juu yao alikuwa anaishi ndege mkubwa, mkia wake umechongoka kama kabari, na chini ya mdomo ana manyoya meusi yanayoning'inia. Wenyewe walimwita Bwana Ndevu. Mnyama akifa, aliwaacha wengine wamalize nyama, ndipo akaja kuchukua mifupa. Alipanda nayo juu sana, akaiachia juu ya mwamba, ikapasuka, akashuka kumeza vipande.

"Na nyama hataki?"

"Nyama anawaachia wenye haraka."

Jioni Bi Eksirei alimsimulia mumewe, aliyekuwa fundi cherehani na mwenye kibanda chake mbele ya nyumba. Fundi alisikiliza huku pini tatu zikiwa mdomoni, akazitoa moja moja.

"Miaka yote hii unapiga picha mifupa. Sasa umepata likizo, unakwenda kuifuata mifupa mlimani?"

"Mzee, nataka kuona tu."

"Kuona hujawahi kuona tu," alisema Fundi, akarudisha pini mdomoni. Hiyo ndiyo ilikuwa ruhusa.

Kamera aliazima kwa shemeji yake, mdogo wa Fundi, ambaye kazi yake ilikuwa kupiga picha harusi. Ilikuwa na lenzi ndefu kama chupa ya chai. Shemeji alimfundisha vitufe vyote, kisha akamkabidhi kwa mikono miwili.

"Shemeji, ikianguka, anguka nayo."

Alipanda mlimani na lori lililokuwa likienda kuchukua kokoto. Mvunja mawe, mkono ukiwa bado kwenye kitambaa, alimpokea na kumwonyesha kibanda cha mabati cha kuwekea vifaa, ambamo angelala kati ya sululu na matoroli. Kabla hajatua mzigo, yule bwana alitaka waelewane.

"Piga picha utakavyo, daktari. Ila mahali usimtajie mtu. Wakubwa wakisikia kuna ndege wa ajabu, wataweka uzio. Sisi tutavunja nini?"

"Sitasema bila wewe kujua," aliahidi. Ule udaktari aliuacha upite.

Siku ya kwanza alipiga picha mia mbili. Alipozitazama jioni, alikuta anga la kila aina: anga jeupe, anga lenye wingu, anga lenye ncha ya bawa pembeni. Aliona aibu peke yake. Wagonjwa wake walizoea kuambiwa wasijitikise, wakatii. Bwana Ndevu hakuna aliyemwambia. Siku ya pili ukungu ulitanda tangu asubuhi, na hata pimbi waliojianika kwenye majabali walirudi mashimoni.

Siku ya tatu aliiacha kamera kibandani. Alimwomba mvunja mawe ampeleke kwenye mwamba wenyewe, ule wa kuangushia. Ulikuwa bapa, mpana kama sakafu ya darasa, na umetapakaa vipande vyeupe mithili ya sahani zilizovunjika kwenye ugomvi. Bi Eksirei alichuchumaa, akaanza kuvipanga. Huu ni ubavu. Huu ni uti wa mgongo, wa kondoo. Hili ni bega. Aliviweka kwa mafungu hadi jua likawa utosini.

"Unatafuta nini?" aliuliza mvunja mawe.

"Sijui bado. Huwa anatokea upande gani?"

"Anatokea na upepo. Akishaachia, anageuka, anashuka akiukabili."

"Kila mara?"

Yule bwana alifikiri. Alikuwa amemwona ndege huyo miaka tisa, na hakuna aliyewahi kumuuliza. "Kila mara," alisema taratibu, kama mtu anayegundua kwamba ana kitu cha thamani sandukuni.

Basi Bi Eksirei aliona kosa lake. Siku ya kwanza alikuwa amekaa upande ambao upepo unaelekea, akimpiga picha ndege aliyempa mgongo. Siku ya nne alijibanza upande wa pili, katikati ya mawe mawili, blanketi la kijivu mabegani, uso ukielekea mahali ambapo ndege angegeukia.

Alikuja saa nne. Kwanza kivuli kilipita juu ya mwamba, ndipo mwenyewe akaonekana, mfupa umening'inia kwenye kucha. Akauachia. Ukagonga mwamba kwa mlio mkavu, kama mlango uliobamizwa chumba cha mbali, lakini haukupasuka. Akashuka, akauokota, akapanda tena, safari hii juu zaidi. Haukupasuka. Bi Eksirei alisahau kabisa kwamba ana kamera. Alikuwa akijiuliza ndege anajuaje kwamba kosa ni la urefu na si la jiwe. Mara ya tatu mfupa ulifunguka vipande vinne.

Bwana Ndevu aligeuka, akaukabili upepo, akatua hatua ishirini kutoka kwake. Kifua chake kilikuwa na rangi ya kutu. Jicho lilikuwa la manjano, limezungushiwa duara jekundu. Alichukua kipande kirefu kama kalamu, akainua kichwa, akakimeza chote, shingo ikatuna na kutulia. Hapo ndipo vidole vya Bi Eksirei vilipokumbuka kazi. Picha saba. Sita zilitetemeka, kwa sababu yeye mwenyewe alisahau kubana pumzi. Moja ilitoka: mkia umefifia, lakini uso uko wazi, ndevu na jicho na vumbi la mfupa mdomoni.

Aliporudi mjini aliituma kwenye ofisi inayohifadhi kumbukumbu za ndege wa nchi. Jibu lilifika kesho yake. Kwenye milima ile ndege huyo hakuwa ameonekana kwa uhakika kwa miaka kumi na tisa. Tafadhali, ni mahali gani hasa?

Aliandika jibu, akalifuta. Akaandika tena, akalifuta. Mwishowe aliandika kwamba kuna mtu lazima amuulize kwanza, akangoja.

Wiki mbili baadaye mvunja mawe alirudi kupigwa picha ya kuangalia kama mtulinga umeunga. Ulikuwa umeunga vizuri. Bi Eksirei alimwonyesha kwenye kioo cha mashine, kisha akatoa picha ya Bwana Ndevu, akamsomea na barua. Yule bwana aliisogeza picha kwenye mwanga.

"Hao wanataka nini naye?"

"Kujua tu. Anaishije, wako wangapi."

"Kama wewe."

"Kama mimi."

"Basi aje mmoja. Asije na waya wa uzio."

Alikuja bwana mmoja mwembamba mwenye daftari, akakaa siku tatu kwenye kibanda cha mabati. Aliwauliza wavunja mawe maswali hadi wakaanza kubishana wenyewe kwa wenyewe nani alimwona Bwana Ndevu kwanza. Akapata kiota kwenye genge la nyuma, pale mlima ulipokatika wima, na ndani yake kinda mmoja. Alisema nyundo ndege wamezizoea, tatizo lao ni mizoga inayotiwa sumu. Aliomba wasichimbe chini ya lile genge tu. Mvunja mawe alimjibu kwamba mawe ya pale ni mabovu tangu zamani, wala hakuna anayeyataka, na mambo yakaisha kabla chai haijapoa.

Habari hizo Bi Eksirei alizipata kwa simu akiwa mbele ya nyumba, Fundi akipinda suruali ya mteja. Akamweleza yote: kiota, kinda, makubaliano.

Cherehani ilisimama.

"Huyo kinda," alisema Fundi, "nani atamfundisha kupima urefu wa kuangushia? Mama yake, au atakosea mpaka ajue?"

"Nilimuuliza yule bwana mwenye daftari. Anadhani atakosea. Hana hakika."

Fundi alitazama magoti yake, yaliyokuwa yakimsumbua tangu mwaka juzi, kisha akatazama ukutani, ilipokuwa kalenda.

"Lori linaondoka siku gani?" aliuliza.