Kikosi Nilichoona Haya Kukitaja

Siku chache baada ya kuvishwa cheo cha luteni-usu, tuliitwa mmoja mmoja mbele ya jopo la maafisa wakuu ili tueleze tungependa kutumikia katika kikosi gani. Njia zilikuwa nyingi: askari wa miguu, mizinga, vifaru, mawasiliano, ugavi, wahandisi, na kila njia ilikuwa na kozi yake. Mwenzangu wa bweni alitoka mle akitabasamu. Alikuwa ametaja vifaru kabla mkono wa saluti haujashuka.

Mimi nilitaka wahandisi. Ndiyo sababu nilisomea ujenzi chuo kikuu kabla ya kuingia jeshini. Lakini nimelelewa katika nyumba ya wafugaji wa Kiorma nje kidogo ya Garsen, na kwetu mtoto mwenye adabu haoneshi kwa kidole kipande cha nyama anachokitamani. Mkubwa akikuuliza, unamwachia achague. Naye, kwa kuwa umemheshimu, hukupa kilicho bora. Kwa hiyo kanali aliyeongoza jopo aliponiuliza, nilisimama wima nikamjibu kwa adabu yangu yote:

"Popote mtakaponiona nafaa, afande."

"Huna unachopendelea?"

"Uamuzi ni wenu, afande."

Nikasubiri nipewe kilicho bora. Kanali akasema, "Ugavi," kisha akaongeza kwamba majina yangethibitishwa baada ya likizo. Mwenye neno la ziada aje kulisema mwenyewe kabla ya hapo. Akaita anayefuata.

Nilipoisimulia habari hiyo nyumbani, baba alifurahi. "Umejibu kama mtu mwenye kwao," alisema.

Mama alikuwa akisuuza madumu ya maziwa aliyotoka kuuza mjini. Aliacha kusuuza.

"Mwenye kwao wapi? Kanali ni mjomba wake? Mteja akiniuliza bei, nimjibu 'utakayoona wewe'? Si nitarudi hata dumu sina!"

"Hiyo ni biashara," baba akasema.

"Na hilo ni jeshi. Wewe, huyo kanali ni mtu wa wapi?"

"Sijui, mama. Wa bara, nadhani."

"Haya! Umemzungusha mtu wa bara namna hiyo, atajuaje kwamba umeomba?"

Nilicheka, lakini moyoni sikuwa na amani, nikamweleza baba kilichonitatiza. Afisa huapa kutumikia popote anapotumwa. Je, si ubinafsi kuanza utumishi huo kwa kujiombea? Ugavi ni kazi ya heshima. Askari asiyekula hapigani. Kwa nini nijione bora kuliko kazi hiyo?

Baba akauliza, "Nyasi zikiisha, tunafanyaje?"

"Tunamtuma mtu akatazame malisho."

"Akirudi, anatuambia 'popote mtakapoona panafaa'?"

Kila mtoto wa kwetu anaijua desturi hiyo. Aliyetumwa hupewa maziwa kwanza, kisha wote hunyamaza, naye husema wazi: pale pana nyasi, pale hapana maji, pale kuna mbung'o. Wazee huamua baada ya kumsikia.

"Akiona haya, ng'ombe wanakufa," baba akasema. "Basi usiombe. Toa habari ya ulichokiona, sema unachokiweza, nyamaza. Wakikutuma kwingine, nenda, na uende kwa moyo mweupe."

Jioni ile tulifanya mazoezi. Baba alikaa kwenye kigoda, akakunja uso, akawa kanali. Mama alijiteua kuwa jopo lote lililobaki.

"Unataka nini?" baba akanguruma.

"Ikiwezekana, afande, na kama hakuna usumbufu..."

"Toka!" mama akapaza sauti. "Maziwa yameshaganda! Anza upya."

Nilianza upya mara nyingi, mpaka baba mwenyewe akashindwa kuushikilia ukali wake.

Likizo ilipokwisha, kabla majina hayajathibitishwa, niliomba kuonana na kanali. Nilimweleza nilichokiona: mafuriko ya kwetu yakikata barabara, abiria wakishuka basini na kuingia mitumbwini, wauza maziwa wakisimama ng'ambo mpaka maziwa yakaharibika, mama mjamzito akivushwa huku ameshikiliwa pande zote mbili. Nikasema kwamba nimesomea ujenzi na kwamba nataka kikosi cha wahandisi. Nikanyamaza. Kunyamaza ndiko kulikuwa kugumu.

"Mbona hukusema mara ya kwanza?"

"Nilikuwa nakuheshimu, afande."

Alicheka mpaka karani wake akachungulia mlangoni. Kisha uso wake ukarudi kazini. Alisema ningekaa kwanza na askari wa miguu, nijifunze kuongoza watu kabla ya kushika nondo na mbao. Kozi ya uhandisi ingefuata, nayo ni ngumu, na wapo wanaoishindwa. Nilisema nimeelewa. Akabadilisha kikosi changu kwenye orodha mbele ya macho yangu.

Nilitoka nikampigia mama simu. Alimshukuru Mungu kwa sauti iliyowafikia, bila shaka, wauza maziwa wote wa Garsen, kisha akauliza, "Na hao wahandisi wanalala wapi?"

"Tukiwa kazini, tunalala kwenye mahema, mama."

"Vizuri. Nyumba inayokunjwa haisombwi na maji."

Akakata simu. Alikuwa na mteja.