Kata ya Kwanza ya Mbege

Miaka ile baada ya vita nilikuwa karani katika ghala la kahawa mjini Moshi. Jumamosi mchana kazi ikiisha, nilikuwa na mazoea ya kwenda kula mahali ambapo sijawahi kula. Nilikuwa sijaoa, na chumba nilichopanga hakikuwa na jiko. Nilianzia karibu na stesheni, nikaenda mtaa kwa mtaa mpaka sokoni, kisha nikaanza kupanda mlima. Gazeti moja la Kiswahili lililochapwa Dar es Salaam lilipokea barua za wasomaji juu ya miji yao, nami nilitaka kuandika ya kwetu: mgeni anayeshuka kwenye treni ya Tanga atakula wapi, na akitaka kunywa atakwenda wapi.

Sikujua kwamba kuuliza habari za chakula kunaweza kumharibia mtu jina. Nyuma ya stesheni kulikuwa na hoteli ya mama mmoja wa Kiislamu aliyepika pilau ambayo mpaka leo sijapata ya kufanana nayo. Alinipakulia kwa ukarimu mpaka nilipomwuliza nyama ananunua wapi. Upawa ukasimama hewani.

"Nyama ya buchani," alisema.

"Bucha lipi, mama?"

"Baba, umekuja kula au umetumwa?"

Wateja wote walinigeukia. Nilikuwa na shati jeupe, kalamu mfukoni, na maswali. Kwa wenye hoteli mtu wa namna hiyo alikuwa mmoja tu: mpelelezi wa bwana afya, ambaye angeweza kuifunga hoteli kwa sababu ya inzi wawili. Wiki iliyofuata muuza supu wa sokoni aliponiona nakuja alifunika sufuria. Na mimi, kwa kuwa nimefunikiwa sufuria, nikaanza kushuku kilichomo. Tukaishi hivyo, wao wakinihofia mimi na mimi nikiwahofia wao, na chakula kikipoa katikati.

Mpima mizani wa ghala letu alinicheka sana kwa habari hiyo. Alikuwa mtu wa juu mlimani, kwenye migomba minene.

"Kama unapenda kuchunguza, panda kwetu," alisema. "Kuna mjane anauza mbege nzuri kuliko zote mlimani. Lakini siku hizi haonji."

"Haonji vipi?"

"Anamimina, anakupa. Basi."

Alisema hivyo akiwa ameacha kucheka. Kwetu anayemimina mbege, pombe yetu ya ndizi na ulezi, hunywa yeye kwanza, mbele ya macho ya mgeni, ndipo aijaze tena kata, yaani kile kibuyu chenye mkono, na kumkabidhi. Hakuna anayekueleza sababu, na hakuna asiyeijua. Mtoto hukua akiona baba yake hapokei kata mpaka mkono ulioimimina umekwisha kuionja. Kumpa mtu mbege bila kuonja ni kumwachia afikirie mambo ya sumu, na mtu akiachwa kufikiria hayo hufikiria mpaka mwisho.

Nilipanda Jumamosi hiyo hiyo. Kilabu kilikuwa kibanda cha majani ya migomba pembeni mwa mfereji, na mabenchi yalikuwa magogo. Mjane alikuwa mwanamke wa makamo, mrefu, kitambaa cheupe kichwani, asiye na maneno mengi. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia bila kunitazama usoni. Alichota kutoka kwenye pipa, akaijaza kata hadi povu likagusa ukingo, akaninyoshea.

Nilingoja. Naye alingoja. Mkono wake haukurudi nyuma.

"Kijana hanywi?" aliuliza mzee mmoja kwenye gogo.

"Anangoja kubembelezwa," akajibu mwingine. "Watu wa mjini wamezoea chai."

Wakacheka, lakini niliona jambo: kata za wote zilikuwa nusu, na kila mmoja alimwacha mwenzake atangulie kupiga funda. Nilikunywa. Ilikuwa mbege ya kweli, tamu kwanza na chungu baadaye, ulezi ukikwaruza ulimi. Niliumeza ule uchungu nikijiuliza kama ni wa msesewe, lile gamba la mti linalotiwa katika kila mbege, au wa kitu kingine.

Habari nilizikusanya kidogo kidogo, kwa kuulizia mambo mengine. Mjane alikuwa mke wa pili. Mumewe alipokufa, kihamba, yaani shamba la migomba la ukoo, kilikwenda kwa mtoto wa mke mkubwa, naye akabaki na kilabu, na kibali cha kuuza pombe kutoka baraza la Mangi, yaani chifu wetu. Mtaa ule ulipewa kibali kimoja tu, na cha kwake kilikuwa karibu kwisha. Akikikosa, hakuwa na kingine cha kumlisha. Shemeji yake, mdogo wa marehemu, alikuwa amekwisha kujenga kibanda kipya juu ya barabara, chenye mabenchi ya mbao zilizorandwa. Kibali hakuwa nacho, lakini mabenchi alikuwa nayo. Na ni yeye, kila nilipofuata uvumi hadi ulikotoka, aliyekuwa wa kwanza kuuliza kwa sauti mbona shemeji yake haonji. Baadaye mpagazi mmoja wa wapanda mlima alitapika njia nzima akitoka pale, na waliosahau kwamba alikuwa amekunywa kutwa katika vilabu vya mitaa mingine walikuwa wengi.

Kwa hiyo nilikuwa na watu wawili wa kushuku. Nilirudi siku ya kupika, asubuhi, bila kualikwa. Nyuma ya kibanda moto ulikuwa chini ya chungu cha ulezi, na mjane alikuwa akichuja ndizi zilizochachuka. Kando yake alikaa bibi kizee mfupi, meno machache, akisinzia. Huyu alikuwa mama mkwe wake, mama wa marehemu. Mjane alichanganya, akakoroga, akachota kidogo, akampelekea yule bibi mdomoni. Bibi akaonja, akatafuna hewa.

"Bado. Haijaamka."

Niliona mwenyewe: hata jikoni, mahali pasipo mgeni, mjane hakuipeleka kinywani mwake. Nikashtuka zaidi. Mtu asiyegusa chakula chake mwenyewe, na anayemtanguliza bibi kizee, nimwite nani?

"Umetumwa na nani?" mjane aliniuliza ghafla. Alikuwa ameniona tangu mwanzo. "Na bwana afya au na shemeji?"

"Sikutumwa, mama. Nataka kujua mbona huonji."

"Na ukijua?"

"Nitakuwa nimejua."

"Huyu ni askari," alimwambia bibi.

"Askari mwenye viatu vibovu hivyo?" bibi alisema, akafungua jicho moja. "Mwambie tu. Hamna la aibu. Anataka kurudi kundini, kijana. Walimtenga alipoolewa na mwanangu, kwa kuwa mwanangu alikuwa na mke. Sasa mwanangu yuko ardhini, na huyu anataka kwenda kwenye meza ya Bwana kama wenzake. Mzee wa usharika amemwambia biashara ataiacha polepole, ila pombe isiingie tena kinywani. Akaapa. Mimi sikuapa."

Mjane aliendelea kuchuja. Aliongea akizitazama ndizi.

"Nikiwaambia wale kwenye magogo, watauliza mbona nawauzia nisichotia kinywani. Nisipowaambia, wanasema sumu. Wewe ungefanyaje?"

Aliniomba nisiseme, nami nikakubali. Lakini nikiwa nashuka, maelezo yale yalianza kunikera kwa jinsi yalivyokaa sawasawa. Mtu mwenye la kuficha angetunga hadithi gani iliyo bora kuliko ya kanisa? Jumapili nikaacha kanisa la mjini nikapanda kwenda la kwao. Nilimkuta benchi la nyuma kabisa, upande wa waliotengwa. Wakati wa Chakula cha Bwana wengine walipokwenda mbele, yeye alibaki na mikono mapajani. Mchungaji aliinua kikombe, akanywa yeye kwanza, kisha akawapa watu. Mjane alikuwa akikitazama kikombe kile kinavyotoka mdomo hadi mdomo, na sura yake niliiamini kuliko maneno yake.

Siku ya kuamua kama kibali kitolewe upya, baraza lilikaa uani kwa Mangi, na karibu mtaa mzima ulikuja. Wazee waliketi mbele kwenye viti, mmoja wao akiwa yule mzee wa usharika, mwenye koti jeusi. Shemeji alisimama, mtu mnene mwenye sauti laini, akaeleza kwa huzuni nyingi kwamba yeye hana ugomvi na mke wa ndugu yake, ila watu wanaogopa, na mtaa hauwezi kunywa kwa hofu. Pipa la mjane lililetwa, na kata.

"Jambo hili ni jepesi," alisema Mangi. "Mama, mimina, uonje, twende nyumbani."

Mjane alimimina. Alishika kata kwa mikono miwili, povu likimtiririka vidoleni. Nilimtazama mzee wa usharika. Alikuwa akisoma viatu vyake. Angeweza kusema neno moja akamwokoa, lakini angelisema mbele ya watu, nao wangejua kwamba kanisa lake linapokea tena mwuza pombe. Hakulisema.

"Siwezi, Mangi," mjane alisema.

Uani kukavuma. "Mmesikia wenyewe," alisema shemeji kwa upole.

"Siwezi kwa sababu nimeapa kanisani. Mzee yule pale anajua."

Mzee akapandisha kichwa, akakishusha, na wengi wakachukua hilo kuwa ndiyo. Kicheko kikapasuka nyuma.

"Kwako dhambi, kwetu uji!"

"Atuombee basi tukishalewa!"

Kicheko hakikumsaidia. Niliona wazee wakitazamana. Kiapo chake kilieleza mambo, lakini hakikuonja mbege, na kata ilikuwa bado imejaa mikononi mwake. Hapo bibi kizee akanyanyuka kutoka miongoni mwa wanawake, akaja na fimbo yake taratibu mpaka kwenye pipa.

"Lete hapa," alimwambia mkwewe. Kisha akamgeukia shemeji, ambaye, kama nilivyokwisha kusema, alikuwa mdogo wa marehemu. Maana yake alikuwa mwanawe wa kumzaa. "Wewe ndiye unayesema ndani mna kitu?"

"Ndivyo watu wanavyosema, mama."

"Sikuuliza watu."

Bibi aliinua kata hadi kidevuni, akaisimamisha hapo, akimwangalia mwanawe juu ya ukingo wake. Watu wote walimtazama bibi. Mimi nilimtazama mwana. Jasho lilimtoka, mdomo ukafunguka, lakini mkono haukunyanyuka, wala mguu. Bibi akanywa. Alikunywa yote bila kupumzika, akapangusa midomo, akamrudishia mjane kata.

"Ongeza. Ile ilikuwa ya baraza. Hii ni yangu."

Safari hii watu walicheka kwa namna nyingine. Mangi hakucheka. Alimwuliza shemeji kwa sauti ya kawaida, kama anayeuliza bei ya mbuzi:

"Kama uliamini ina sumu, ulimwachaje mama yako anywe?"

Shemeji alitazama kushoto na kulia, kama kwamba jibu limeshikwa na mtu mwingine. Huo ukawa ndio mwisho wa shauri. Kibali kilitolewa upya, kwa jina la bibi kizee, kwa sharti kwamba bibi mwenyewe akae kando ya pipa na kuonja. Mjane aliendelea kupika na kuuza. Kanisani hakupata alichotaka mwaka ule: wazee wa usharika, jambo likiwa sasa limejulikana na kila mtu, walimwambia angoje mpaka aache biashara kabisa. Jumapili alibaki benchi la nyuma.

Nilikwenda pale mara nyingi baada ya hapo. Bibi alifanya kazi yake kwa bidii sana, na ikifika alasiri alikuwa akiimba, hivyo wageni wenye akili walikuja mapema. Magogoni kata zilijaa tena, na hakuna aliyemngoja mwenzake.

Jumamosi moja ya mvua, karibu na msimu wa kahawa, shemeji aliingia. Hakuwa amekuja tangu siku ya baraza. Nilitazama mikono yake: ilikuwa mitupu, haikuwa na jani la sale ambalo kwetu mtu hulibeba anapokuja kuomba msamaha. Bibi pia alitazama mikono hiyo. Hakuna aliyemsogezea nafasi, akaketi mwisho wa gogo, akaagiza kama mteja yeyote.

Mjane alimimina, akampa mama mkwe. Bibi akapiga funda, akaijaza tena, akamnyoshea mwanawe. Aliipokea kwa mikono miwili, kwa adabu, akaipeleka karibu na mdomo, na hapo akasita. Alimtazama mjane aliyekuwa amempa mgongo akipangusa pipa, kisha akachungulia ndani ya povu, kama mimi nilivyochungulia siku yangu ya kwanza.

"Kunywa," alisema bibi. "Nimeonja mimi."

Aliiweka kata chini, akasema mvua imepungua, akatoka. Mvua ilikuwa haijapungua.