Kibao cha Urithi

Kile kibao kilimchosha Mama Cherehani tangu siku kilipopigiliwa ukutani kwake. "URITHI WA WOTE," kilisomeka kwa herufi za dhahabu. Afisa wa majengo ya kale akamweleza kwa upole kwamba nyumba aliyoachiwa na marehemu mumewe sasa inalindwa: asibomoe, asiguse dari, asibadilishe hata bawaba bila kibali. Yeye alichotaka ni mlango wa kioo tu, wateja waone magauni aliyoshona. Akaambiwa ule wa mbao ndio uzuri wenyewe. Uzuri gani, na mlango unalia mpaka mtaa mzima unajua ametoka?

Basi wageni wakaanza kuja kuupiga picha huo mlango. Wakipiga, wanaingia, wakiingia, wanaondoka na mikoba na vitambaa vya meza. Hapo akapunguza kulalamika, ila hakuacha.

Balaa ni kwamba picha moja, kibao kikionekana, ilimfikia shemeji yake, mdogo wa marehemu, mtu ambaye hata mazishini alichelewa. Akatua na begi.

"Shemeji, nimesoma kwa macho yangu. Urithi wa wote. Wote ni nani kama si sisi ndugu?"

"Jamani! Huo ni urithi wa kale, si wa kugawana!"

"Urithi ni urithi. Mnunuzi nimeshampata, anataka kujenga ghorofa. Kila mtu achukue chake."

Mama Cherehani akaweka mkasi chini. Nyumba ilikuwa bado kwa jina la marehemu, na chumba cha mbele alimoshonea ndicho kilichowasomesha wanawe. Usiku hakulala, alikilaani kibao, akamlaani na aliyekiandika.

Asubuhi mnunuzi akafika, akashuka garini, akasimama mbele ya kibao.

"Kumbe hii haibomolewi?"

"Hata bawaba haiguswi," Mama Cherehani alidakia, na maneno ya afisa yakamtoka kwa raha ambayo hakuitegemea. "Na dari pia."

Mnunuzi alirudi garini bila kuaga. Mama Cherehani akaokota kipande cha kitambaa, akakipangusa kibao vumbi, huku akisonya.

Shemeji alikuwa kaduwaa na begi lake. "Sasa mimi nimerithi nini?"

"Dari linavuja, shemeji, na ni letu sote. Ndoo ile pale."