Mkate wa Mgonjwa

Kwetu Kasulu mtu akilazwa hospitali humwendei mikono mitupu. Unabeba mkate. Nyumbani tulikula ugali wa muhogo na maharage mwaka mzima wala hakuna aliyelalamika, lakini mkate ulikuwa na heshima yake: ni laini, ni wa dukani, ni chakula cha mgonjwa. Mdogo wangu wa kike aliugua sana, kwa hiyo alikula mkate kuliko sisi sote.

Mama alikuwa akikaanga maandazi pale stendi. Miaka ile ya tisini, wakimbizi kutoka Burundi walipojaa na malori ya misaada yakawa yanapita kutwa, maandazi yalikuwa hayalali. Mdogo wangu alikuwa kitinda mimba, na andazi la kwanza kutoka kwenye karai lilikuwa lake. Alipofikia umri wa kwenda shule alikuwa na tumbo kubwa, miguu kama vijiti, na kuharisha kusikokwisha. Akapewa dawa ya minyoo. Akapewa tena. Kisha hospitalini wakasema ni utapiamlo, na mama akaona haya, maana utapiamlo ni wa watoto wasiolishwa, na huyu alilishwa kuliko sisi.

Msimu wa kulima alipelekwa kwa bibi, Nyakitonto. Huko andazi hulioni. Alikula muhogo, ndizi za kupika na maharage, akarudi mashavu yamejaa, anatukimbiza uani. Bibi akasifiwa kwa mizizi yake ya kuchemsha. Haukupita muda mrefu kwetu mjini, akakonda upya. Majirani wakanong'ona kwamba kuna mtu asiyeipenda biashara ya mama. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema, huku wakimtazama shangazi. Shangazi wa watu akaacha kuja kwetu, na hilo nalo linaniuma hadi leo.

Baba akampandisha mdogo wangu lori hadi Kibondo, kwenye hospitali ya kambi, ambako daktari mmoja mgeni aliwatibu hata wanavijiji. Nilikwenda nao ili nimpakate mtoto. Daktari hakukimbilia dawa. Aliuliza mtoto anakula nini kwetu, na alikula nini kwa bibi. Muuguzi wake, mkimbizi kutoka Kongo, akatutafsiria kwa Kiswahili cha kwao.

"Papa, dokteri anasema mutoto asikule tena mukate, ao andazi, hata ya kidogo. Ngano njo inamuharibia tumbo."

Akaeleza kwamba kipimo cha kuhakikisha hakipo huku, kwa hiyo daktari hawezi kuuandika ugonjwa wenyewe. Ni dhana yake tu. Jina alilitaja, likatupita. Miaka mingi baadaye ndipo nilipolisikia tena na kulishika: seliaki, ugonjwa wa tumbo lisilopatana na ngano.

Njia nzima baba alijiuliza. Mkate umdhuru mgonjwa? Hakuwa mjinga, alikuwa mtu wa kuhakikisha mambo. Tulipofika Kasulu alimwendea tabibu tuliyemwamini, mzee aliyekuwa amemtibu yeye mwenyewe homa ya matumbo. Aliposikia habari ya ngano, tabibu alicheka kwa upole.

"Ndugu yangu, huo ni ugonjwa wa Wazungu. Mkoa mzima wa Kigoma sijasikia mgonjwa hata mmoja."

"Hata mmoja?"

"Hata mmoja."

Baba akapumua. Kama mkoa mzima hauna, binti yake angeutoa wapi? Hakuna aliyeuliza ni nani katika mkoa huo aliyewahi kupimwa, na kwa kipimo kipi. Asiyekuwepo na lake halipo. Nikikumbuka kicheko kile napandwa na hasira, ingawa najua mzee wa watu alisema kweli. Kweli hakuwahi kumsikia hata mmoja.

Mama alisitasita. Kwa muda alimnyima maandazi, na mtoto akaanza kupata nguvu. Ndipo zikaja mvua, na malaria, na kitanda cha hospitali. Majirani wakaja kama ilivyo desturi, kila mmoja na mkate wake kwenye mfuko. Mama alimtazama baba. Baba akasema mtoto hana damu, ale. Mama akachovya mkate kwenye chai ya maziwa.

"Mama, mkate unaniumiza tumbo," mdogo wangu alisema.

"Kula, mama, upate nguvu."

Akala. Alikuwa mtoto mtii. Alikula siku zote zilizobaki, akiharisha na kulishwa, hata akawa hawezi tena kumeza. Tulimzika Nyakitonto. Waombolezaji walipewa chai na maandazi, yaliyokaangwa na majirani katika karai la mama.

Kabla muongo ule haujaisha nilikutana na tabibu njiani, amestaafu, anatembelea fimbo. Nilimwuliza kama aliwahi kumpata mwingine.

"Mwingine wa nini, mwanangu?"

Nikamkumbusha.

"Aa, ule. Huku kwetu haupo," alisema, kisha akaniuliza habari za mama. Nilimwambia hajambo, bado anakaanga.