Kikohozi cha Priscah

Miaka mitatu sasa Beldina Akoth alikuwa akiishi kwa kuuliza watu kuhusu vikohozi vyao. Kabla ya hapo alikuwa muuguzi Kisumu, na wakati wa Korona aliwafumba macho wagonjwa wengi mno waliokata roho. Tangu hapo mambo yalimpitia kama maji juu ya jani la myugwa. Kutoka ofisi ya utafiti huko Al-Murabba, Riyadh, kila wiki aliwapigia simu wafanyakazi wa nyumbani sitini. Aliyekohoa alitumiwa muuguzi wa kumpima puani, ijulikane ni virusi gani vinavyozunguka majumbani.

Priscah, Mkenya mwenzake aliyeajiriwa Al-Safa, Jeddah, alikohoa kila mwezi. Vipimo vitano, hakuna kirusi hata kimoja. Beldina akatumwa aende mwenyewe.

Madam mwenye nyumba aliwaacha jikoni. Chai ya maziwa ilikuwa imeshachemka, mandazi yamefunikwa kwa kitambaa. Beldina akamsikiliza kifua, mbele na nyuma. Mapafu safi.

"Dada, unakohoa kweli?"

Priscah akatazama mlangoni. "Sikohoi." Akamsogezea sahani. "Lakini nikisema nakohoa, yule nurse wenu Serah anakuja. Anakaa hata dakika kumi. Huku ndani ni madam na watoto tu, tangu mwaka jana."

Beldina alijua kwamba hapo moyo ulipaswa kumshtuka. Alikula andazi, akasema ni tamu, na kweli lilikuwa tamu.

Kule Riyadh, mkuu wake, Daktari Zacharia, alipoelezwa hakufikiria sana. "Majibu yake hayaaminiki tena. Mtoe."

Akamtoa.

Jumanne iliyofuata Priscah akapiga mwenyewe. "Mbona leo hamjaniuliza?"

"Kwako utafiti umeisha, dada."

"Halas? Umeisha kabisa?"

"Halas."

"Basi tupige stori tu."

Wakajaribu. Joto la Jeddah. Mvua za Kericho, kwao Priscah. Hata dakika mbili hazikutimia, wakakosa la kusema, maana hawakuwahi kujuana nje ya maswali yale. Priscah hakupiga tena.

Ripoti ilitoka mwaka uliofuata, jina la Beldina likiwa la nne kati ya waandishi. Priscah naye alikuwamo, katika sentensi moja: mshiriki mmoja aliondolewa. Beldina akaisoma yote, akafunga kompyuta, akawafuata wenzake waliokuwa wakimngoja waende kula.