Mji wa Makocha

Mji mzima wa Lankupė ni makocha. Mwoka mikate ni kocha, padri ni kocha, hata ajuza anayeingia ukumbini kukwepa baridi ni kocha, na kila mmoja anaujua mpira wa kikapu kumshinda kocha mwenyewe. Hilo ndilo lililokuwa balaa la Zita Raudienė, kocha wa timu ya wasichana.

Mechi ikikaribia kwisha, jukwaa zima hulipuka: "Tupa!" "Usitupe wewe!" "Mpe binti yangu!" Wasichana wake hugeuza shingo kutazama, na mpira unaporwa. Fainali ya mkoa waliipoteza hivyohivyo, kwa pointi moja. Vytenis, mwenyekiti wa klabu, akamwita Zita pembeni.

"Mama Zita, nakuheshimu. Lakini mwaka huu ukishindwa tena, timu nampa kijana wa mjini Kaunas. Kasomea."

Tangu Zita afiwe na mumewe, wasichana wale ndio waliokuwa watoto wake, na ukumbi ule ndio nyumba yake. Aliogopa, tena sana. Ila mama huyu akiogopa hukasirika, na akikasirika akili humchemka.

Akaenda moja kwa moja kwa Alfonsas, mwoka mikate, bingwa wa kubwata.

"Njoo mazoezini na wenzako. Pigeni kelele. Toeni ushauri mbovu kadiri mwezavyo."

"Huo hana haja ya kuutafuta," mkewe akadakia.

Wakaja na masufuria ya kugonga. Sheria ya Zita kwa wasichana ilikuwa moja: uwanjani mko watano, na wa kusikilizwa ni hao watano tu. Anayeona, aseme. Anayetazama jukwaani, akimbie kuzunguka ukumbi. Siku za mwanzo walikimbia wote. Smiltė, mgawaji wa mipira, alilia.

"Kocha, siwasikii wenzangu!"

"Basi na wao waseme kwa nguvu! Austėja, mdomo umeuazima?"

Austėja, mrefu wa timu, alikuwa msichana wa kunong'ona hata akiumia. Akaanza kidogokidogo: "Namshika." "Nyuma yako." Majira ya theluji yalipokwisha, sauti yake ilishinda masufuria.

Wakafika fainali tena, ikachezwa Kaunas, ugenini, ukumbi ukinguruma. Sekunde za mwisho Lankupė walikuwa nyuma kwa pointi moja, mpira mikononi mwa Smiltė. Zita akamwona Austėja chini ya kikapu, peke yake. Sheria yake yote ikamtoka kichwani.

"Mpe Austėja! Smiltė! Austėja!"

Smiltė hakugeuza hata jicho.

"Si mimi! Wananijia wawili!" Austėja akaguta. "Ugnė, kona!"

Mpira ukaruka hadi kona, kwa Ugnė, mdogo kuliko wote, ambaye hakuna aliyemkaba. Akatupa. Ukazama kikapuni, king'ora kikalia.

Vytenis alimfikia Zita kofia ikiwa haijulikani iliko. "Timu ni yako mpaka uichoke mwenyewe! Na ule mpango wa mwisho, umeupanga lini?"

"Mimi? Mimi nilipiga kelele wampe Austėja."

"Ee! Kumbe?"

"Ningewapotezea mechi." Machozi yalimtiririka, naye anacheka. "Hawakunisikia, Vytenis! Wanangu hawakunisikia kabisa!"

Akamsukuma mwenyekiti kando, akakimbilia uwanjani.