Jaketi Lisilokauka

Glenys Hallam alilileta jaketi lile ndani ya foronya, amelishika kwa ncha za vidole kama mtu anayemtoa panya mfu jikoni. Mimi ndiye nilikuwa kwenye kaunta ya kupokelea vitu pale kwa Pickersgill, nyumba ya mnada hapa Stockport, Uingereza, na siku hiyo watu na makorokoro yao walikuwa wameshanichosha. Kila mwaka baridi ikianza kulegea tunafanya mnada wa vitu vya muziki wa panki, ule wa kelele na makoti ya ngozi, na wazee wa mji huu wanapanda darini kushusha walivyovificha ujanani: mabango, beji, vijiti vya ngoma, vipande vya tiketi, karatasi za kufungia chipsi zenye saini za watu ambao mimi siwajui wala sina haja ya kuwajua.

"Unaitwa nani, mpenzi?" akaniuliza. Huku kila mtu ni mpenzi, hata polisi akikukamata.

"Mwanamkasi. Wengi wananiita Kasi."

"Sikiliza, Kasi. Usilivae."

"Mama, mimi nina sweta langu."

Hakucheka. Alisubiri mpaka nikamwahidi, ndipo akaiachia foronya.

Nilikuwa namfahamu kwa sura. Nani hakumfahamu Glenys? Alipika shule ya msingi pale mlimani mpaka alipostaafu, na nusu ya watu wazima wa mtaa wetu wamekuzwa na viazi vyake vya kuponda. Mikono myekundu ya maji ya moto, kitambaa kichwani, chupa yake ya chai kwenye mkoba kwa sababu chai ya watu wengine haiamini. Binti yake aliolewa akahamia Uhispania, akamwachia mtoto wa kike, Keeley, na Glenys, Nana wake, akamlea kama wake wa kuzaa. Keeley sasa alikuwa msichana wa chuo, ana nywele za kijani na bendi yake mwenyewe, na Glenys alimpenda kupita kiasi. Ukimsikia anavyomlalamikia ndiyo unajua.

Jaketi lilikuwa la kaka yake Glenys, Derek. Zamani sana Derek aliimba kwenye bendi waliyoiita Kitanda cha Tisa, na jina la bendi lilikuwa limechorwa mgongoni kwa rangi nyeupe, kwa mkono usiojua kuchora. Ngozi nyeusi, pini zimepangwa kwenye kola, na ndani ya bitana saini yake kwa kalamu ya wino mzito. Lakini kilichomfanya Bwana Pickersgill, dalali wetu na mwenye nyumba ya mnada, asugue viganja ni mabega. Mabega yote mawili na kifua vilikuwa na madoa meupemeupe yaliyokaukia, kama njia za konokono.

"Usiguse," akaniambia. "Usifute, usioshe, usipulizie kitu. Hayo madoa ndiyo bei."

"Ni nini?"

"Mate, Kasi. Mate ya mashabiki." Akasema kwa heshima, kama mtu anayetaja maji ya zamzam.

Nilijua hadithi hiyo kwa kuisikia kazini. Enzi zile, kwenye kumbi zile, mwimbaji ukimpenda ulimtemea mate. Si kumtukana, kumpenda. Mimi nimelelewa Pangani na bibi aliyekuwa akinitemea utosini kila nikisafiri, mate mepesi ya dua, kwa hiyo sikushangaa kwamba mate yanaweza kuwa mapenzi. Wingi wake ndio ulionitia kichefuchefu.

Nikalitundika stoo, nikafunga, ufunguo nikauvaa shingoni kama kawaida yangu. Asubuhi nikakuta mabega yamelowa.

Sikuwaza mizimu, niliwaza Wayne. Wayne ni dereva wetu, ana mafua mwaka mzima na adabu hana. Nikamfuata uani nikamwambia nikimkamata anatema tena stoo kwangu nitamfanya alambe.

"Kasi, dada yangu, mimi stoo nimeingia lini?" akasema. "Ufunguo si unalala nao wewe kama mume?"

Hilo lilikuwa kweli, na likaniudhi zaidi.

Baadaye, jua limejaa dirishani, Wayne alikuwa mlangoni ananipitishia maboksi ya sahani za santuri, mimi napanga. Rafu ikajaa. Nikamwambia, "Inatosha, Wayne," naye akageuza kitoroli chake akaenda zake. Nikabaki nimeinama juu ya boksi la mwisho. Nyuma yangu mtu akavuta kohozi. Unaijua ile sauti, inatoka chini kabisa ya koo. Kisha wa pili akavuta. Kisha wengi, ukumbi mzima wa watu, wanavuta pamoja, na mimi ndani ya stoo yenye dirisha moja. Nikageuka. Hapakuwa na mtu. Jaketi lilikuwa limetulia kwenye hanga yake, likidondosha mate taratibu, tone baada ya tone, kwenye sakafu niliyoipiga deki mwenyewe.

Niliogopa. Sitajifanya shujaa. Nilisoma dua niliyoikumbuka, nikatoka kinyumenyume, nikampigia Glenys simu nikamwambia aje achukue uchafu wake.

Alikuja na chupa yake ya chai akanimiminia kwenye kifuniko, jambo ambalo sijawahi kumwona akimfanyia mtu. Tukakaa uani kwenye makreti.

"Ulisema neno gani?" akaniuliza.

"Neno gani?"

"Kabla hawajaanza. Ulisema nini?"

Nikamweleza habari ya maboksi. Alipoisikia ile "inatosha" akafumba macho.

"Ndilo neno la Derek," akasema. "Alikuwa akishuka jukwaani anachuruzika, Kasi. Machoni, mdomoni. Akachoka. Siku moja akawaambia kwenye maikrofoni, 'Basi, jamani. Inatosha.' Wakadhani ni sehemu ya shoo. Wakazidi. Na miji mingine wakasikia, wakawa wanasubiri aseme. Wanapiga miguu: sema inatosha, sema inatosha. Akisema tu, wanamfunika. Na kila alivyowaomba kwa dhati ndivyo walivyoona anaigiza vizuri."

"Na wewe?"

"Mimi nilikuwa mstari wa mbele. Kaka yangu mwenyewe, nisimame kama nguzo?" Akaangalia mikono yake. "Nilikuwa na shabaha nzuri kuliko wote. Alikufa hajafikisha miaka ishirini na tatu. Madaktari walisema ini. Mimi najua alivyokuwa anatapika."

Nikamuuliza kwa nini hakulifua. Alilifua, akasema, likarudi vilevile. Kwa nini hakulichoma? Alijaribu, kwenye pipa nyuma ya nyumba, na moto ukazimika kila alipouwasha kwa sababu lilikuwa bichi. Akalifunga kwenye sanduku darini akanyamaza, mpaka Keeley alipolifumania.

"Alilivaa mara moja tu, mazoezini. Wimbo ulipoisha akawaambia wenzake inatosha kwa leo. Akarudi nyumbani nywele zimemganda usoni. Nikamuuliza, nani kakutemea? Akasema, 'Hakuna mtu, Nana, bomba la dari linavuja.' Wiki nzima akatapika." Akaupakata mkoba wake. "Sasa anataka kupanda nalo jukwaani mwezi ujao. Nikimkataza anasema namwonea wivu. Kwa hiyo liuzwe, Kasi. Litoke kwenye ukoo wangu. Sina mwingine isipokuwa yule mtoto."

"Na atakayelinunua je?"

"Hawa hawavai, mpenzi. Wanaweka kwenye kabati la kioo, wanatazama."

Nikaliacha kwenye hanga yake lisubiri mnada. Hasira yangu ilikuwa imeniishia, na woga ukabaki.

Siku ya mnada ukumbi ulifurika. Wanaume wa miaka sitini na zaidi, vipara vimezungukwa na mvi zilizosimamishwa kwa jeli, matumbo juu ya mikanda ya misumari, kila mmoja na kibao chake cha namba. Watu wapole mno. Walipishana kwenye viti, wakaulizana habari za magoti. Glenys alikaa ukutani na mkoba mapajani. Mimi ndiye niliyekuwa nikiinua vitu watu wavione, na nilipofika kwenye jaketi nililishika kwa glavu.

Bei ikaanza kupanda. Nikaona kibao kinainuliwa nyuma kabisa, na chini yake nywele za kijani. Keeley alikuwa amechangisha wenzake wote wa bendi aje kulinunua. Glenys naye akamwona. Sijawahi kuona uso wa mtu ukizeeka haraka namna ile.

Mzee mmoja wa Macclesfield, mwenye duka la mazulia, akampiku mtoto hatua kwa hatua, nami nikaanza kupumua. Lakini Bwana Pickersgill ana pua ya biashara. Alimwona Keeley, akaona ile taya, yale macho, akasimamisha nyundo.

"Mabwana," akasema, "kama sikosei tuna damu ya Derek Hallam humu ndani. Mwanangu, njoo. Livae, watu waone."

"Hapana," Glenys akasema, lakini makofi yalimmeza. Keeley alishafika mbele, amewaka kwa furaha. Nilivuta jaketi nyuma, naapa nilivuta, Bwana Pickersgill akaninyang'anya huku akitabasamu. Msichana akaingiza mkono mmoja, kisha wa pili. Lilimkaa kama lilikatwa kwa ajili yake. Nikaona wazee wawili watatu machozi yamewalengalenga.

Ndipo mmoja wao, kwa utani tu, kwa mapenzi, akapiga mguu sakafuni. "Sema inatosha."

Wengine wakacheka, wakaufuata mdundo wa maneno yale kwa miguu tu. Sema inatosha. Sema inatosha. Keeley akawatazama huku anacheka, hajui, na mimi nilikuwa karibu kiasi cha kusikia kitu kingine chini ya ile miguu. Makoo yanavuta. Niliwatazama midomo, mmoja baada ya mwingine. Wote walikuwa wamefunga midomo, wakitabasamu.

Keeley akavuta pumzi aseme.

Sikumwona Glenys akiinuka. Nilimwona tu amekwisha kufika, mwanamke wa miaka karibu sabini, amemgeuza mjukuu wake kwa mabega kama anavyogeuza mtoto wa shule aliyekosea foleni, amemvua jaketi, amelivaa yeye juu ya sweta lake. "Nenda nyuma ya Kasi," akamwambia. Nikamkumbatia yule mtoto, uso wake nikaubana begani kwangu asione.

Glenys akawageukia watu. Alijua neno lile linafanya nini kuliko mtu yeyote aliye hai, na akalisema polepole, wazi, kama anayeita majina.

"Basi, jamani. Inatosha."

Mate yakamshukia, yasiyotoka kinywani mwa mtu. Mimi niliyaona. Kitambaa kikalowa, nyusi zikalowa, yakamtiririka mashavuni mpaka kidevuni, na hakuinua mkono kujifuta. Yalipokaribia kukoma alilisema tena neno lile, kuyavuta yote yaliyobaki. "Inatosha." Na tena. Alikuwa analia, lakini kwa maji yale nani angejua. Mwisho akasema kwa sauti ndogo, "Haya, Derek. Sasa nimesimama mahali pako."

Kisha yakakoma. Bwana Pickersgill akaomba radhi kwa ajili ya paa linalovuja, akasema ameshamwita fundi mara nyingi. Watu wakatazama dari. Mimi ndiye nawekaga ndoo za mvua mle ndani, na mvua haikuwa imenyesha tangu Jumapili.

Nilipolipokea jaketi lilikuwa jepesi na kavu. Mabegani hapakuwa na doa hata moja. Mzee wa mazulia akalisogelea, akalinusa, akarudisha kibao chake chini. "Limefuliwa hili," akasema kwa uchungu, na wenzake wote wakashusha vibao. Nyundo ikagonga kwa bei ya jaketi la mtumba. Keeley alilipata, akamrukia bibi yake shingoni, akashtuka jinsi alivyolowa.

"Paa, mpenzi," Glenys akasema. "Nenda kalipie."

Mwezi uliofuata nilikwenda kumsikiliza Keeley akiimba kwenye chumba cha juu cha baa karibu na stesheni. Si muziki wangu, masikio yananiuma mpaka leo, lakini mtoto alikuwa mzuri. Aliimba na jaketi lake, mkavu, kichwa juu. Mwisho akawaambia watu inatosha, mwende nyumbani, na hakuna kilichotokea.

Glenys alikuwa amesimama ukutani nyuma ya watu, amevaa koti la mvua, kofia yake imefungwa kamba kidevuni. Chumba kilikuwa na joto la tanuri. Alikuwa amekonda. Kila baada ya muda mfupi alitoa leso, akajifuta shavu, akaikamua kando ya mguu wake, akaikunja.

Keeley akaja akikimbia, anahema. "Nana, mbona umevaa koti la mvua ndani?"

"Baridi tu," Glenys akamwambia, akamrudisha nyuma kidogo kwa kiganja, kwa upole, asimkaribie sana. "Umeimba vizuri, mpenzi wangu. Nenda kwa wenzako."

Mtoto akaenda. Nikamkabidhi Glenys leso yangu, kwa sababu yake ilikuwa haifai tena.